Kipe kitu jirani: jibu kwa binti wa Mikindani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mikindani. Bibi mzaa mama alifariki mwaka jana akaacha sanduku la bati. Ndani mna kanga sita, pasi ya mkaa, mbuzi ya nazi, kipochi cha shanga na picha yake moja ya studio. Nimeanza kuvipanga kwenye fremu ya dirisha iliyong'olewa nyumba ya zamani, pamoja na maganda ya korosho. Kanga moja imechakaa, jina lake limefutika, yamebaki maneno mawili tu: NYOTA YA. Mama anasema namvua bibi nguo hadharani. Majirani, wapo wanaosema ni ushirikina, wapo wanaosema ni takataka. Rafiki yangu anayesoma Dar es Salaam kaniambia nitafute habari za Betye Saar wa Marekani, eti anafanya kama mimi. Naomba unieleze huyu mama ni nani, alifikaje alipofika, na mimi nichukue nini kwake."

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, Mungu amlaze bibi mahali pema.

Katika yote uliyoandika, nimeshikwa na dirisha. Hukusema kwa nini ulichagua fremu ya dirisha ukaacha ubao au sinia, na naona hukuwa umewahi kuiona kazi ya Betye Saar hata kwenye simu. Basi nianzie hapo, maana na yeye mlango wake ulikuwa dirisha.

Mwaka 1969 alichukua dirisha kuukuu la mbao. Juu lina vyumba tisa vidogo, vitatu kwa vitatu. Chini kioo kimoja kikubwa. Kwenye kioo cha chini akaweka kivuli cha msichana mweusi aliyebana uso na viganja vyote viwili kiooni, kama mtoto anayechungulia duka lililofungwa. Usoni unachokiona ni macho tu, na macho yenyewe ni ya ile plastiki yenye mistari inayogeuza picha ukisogea: ukipita mbele yake yanafumba na kufumbua. Viganja vina alama za falaki. Juu, kila chumba kina jambo lake: mwezi na nyota, simba, picha ya kale ya mwanamke, na katikati mifupa ya binadamu. Simba ni nyota yake. Amezaliwa tarehe 30 Julai, na wazee wetu wa pwani wanaopiga falaki wangemwambia, wewe nyota yako Asadi. Mifupa ni kifo, kakiweka katikati ya vyote. Kifo kilimjia mapema: baba yake alifariki mwaka 1931, yeye akiwa bado mtoto mdogo.

Kazi hiyo inaitwa Dirisha la Msichana Mweusi. Leo iko kwenye Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na mwaka 2019 jumba hilo liliandaa maonyesho mazima yaliyojengwa juu yake. Mbao, kioo, karatasi, rangi, plastiki: hiyo ndiyo sanaa ya vitu mseto. Msanii habanwi na turubai, kila chenye maana kinaingia. Vikiwa ni vitu kamili vilivyounganishwa, pasi, saa, kengele, sanduku, wenyewe wanaiita asemblaji. Jina lisikusumbue.

Sasa mtu mwenyewe. Betye Saar alizaliwa mwaka 1926 Los Angeles, jimbo la California. Baba alipofariki, mama yake aliwachukua watoto wakaenda kuishi kwa jamaa wa upande wa mama, na sehemu kubwa ya utoto wake ilikuwa Pasadena, mji jirani. Mama alikuwa fundi cherehani. Miaka ile Marekani ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawatupi kitu: kipande cha kitambaa kinawekwa, kifungo kinawekwa, kamba inawekwa. Wewe umekulia kwenye nyumba ambayo kopo likiisha maziwa linakuwa koroboi, kwa hiyo hili halihitaji maelezo marefu.

Bibi yake aliishi Watts, kitongoji cha Los Angeles, na alipokwenda kumtembelea alimwona mtu mmoja akijenga minara nyuma ya nyumba yake. Jina lake Simon Rodia, mhamiaji kutoka Italia. Rodia aliijenga minara ile kwa mikono yake tangu 1921 hadi 1954, vyuma na saruji, na juu ya saruji akapachika vigae vilivyovunjika, chupa, sahani zilizopasuka na makombe ya baharini. Mrefu kuliko yote unakaribia mita 30. Saar amesimulia mara nyingi kwamba pale ndipo alipoona kwa macho yake kuwa kilichovunjika kinaweza kusimama tena kikiwa kitu kingine.

Hapa niseme jambo ambalo watu wa kusini tunalisahau. Siku ukijaliwa kufika Kilwa Kisiwani, ingia kwenye Msikiti Mdogo wa Kuba, inua macho. Mafundi wa karne nyingi zilizopita walipachika mabakuli ya kigeni yenye mng'ao ndani ya kuba, bakuli la chakula likawa pambo la nyumba ya ibada. Ukiambiwa kupachika vyombo ukutani ni uzungu, jibu liko mkoani Lindi, na ni la zamani kuliko minara ya Rodia kwa karne kadhaa.

Turudi kwa Saar. Alihitimu Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1949, na alichosomea ni ubunifu wa mapambo, uchoraji haukuwa fani yake. Akafanya kazi ya ustawi wa jamii. Akatengeneza vito vya enameli akiuza. Mwaka 1952 akaolewa na Richard Saar, mfinyanzi, wakapata mabinti watatu, Lezley, Alison na Tracye. Wawili wa kwanza nao ni wasanii wanaojulikana, wa tatu ni mwandishi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa tayari na watoto wadogo, alirudi darasani akajifunza uchapaji wa picha. Baadaye ndoa ikavunjika, akashona na kubuni mavazi ya michezo ya jukwaani. Nakutajia haya kwa kuwa uliuliza "alifikaje". Alifika polepole, huku anapika na kulea. Lile dirisha alilitengeneza akiwa na miaka arobaini na ushei. Wewe una 26, usihesabu miezi.

Mambo mawili yalimgeuza. Mwaka 1967, Pasadena, aliona maonyesho ya Joseph Cornell, Mmarekani aliyekuwa anapanga vitu vidogo vidogo ndani ya masanduku yenye kioo mbele. Akaelewa kwamba sanduku ni chumba, na vitu ndani yake vinaweza kuzungumza. La pili lilikuwa chungu. Mwaka 1968 Martin Luther King aliuawa. Saar alikuwa na watoto, hawezi kwenda kuandamana kila siku, hasira ikamkaa kifuani. Akaanza kununua kwenye masoko ya vitu vya mitumba zile sanamu na makopo na kadi zilizowachora Weusi kwa dhihaka: midomo mikubwa, macho ya kutumbua, mtumwa anayecheka. Vitu hivyo vilikuwa jikoni kwenye nyumba za watu, vinauzwa kama mapambo.

Kimoja katika hivyo ndicho kilichotoa kazi maarufu kuliko zake zote. Mwaka 1972 kituo kimoja cha utamaduni wa Weusi mjini Berkeley kiliomba wasanii walete kazi kuhusu mashujaa Weusi. Saar alikuwa na kisanamu cha plastiki cha mwanamke mnene mweusi, kilemba kichwani, anacheka. Kilitengenezwa kishike karatasi na penseli za kuandikia mahitaji ya jikoni. Sura ile Wamarekani wote waliijua: ni Aunt Jemima, mpishi wa kubuni aliyechorwa kwenye pakiti za unga wa chapati za maji, mtumishi asiyechoka wala asiyekasirika.

Alikiweka ndani ya sanduku la kina kifupi. Sanduku lenyewe si kubwa, kimo chake ni kama sentimita 30, unaweza kulishika kifuani kama Msahafu mkubwa. Ukuta wa nyuma akaubandika safu kwa safu ile ile sura kutoka kwenye pakiti, inacheka, inacheka, inacheka. Chini akatandika pamba. Mkono mmoja wa mama yule una fagio, ndivyo alivyouzwa. Mkono wa pili, Saar akampa bunduki. Mahali palipokuwa pa karatasi, tumboni, akaweka picha nyingine ya yaya mweusi amebeba mtoto analia, na mbele ya picha hiyo ngumi nyeusi imeinuka. Akaiita Ukombozi wa Aunt Jemima. Mwaka 2007 Angela Davis, mwanaharakati na msomi, alisema hadharani kwamba harakati za wanawake Weusi zilianzia kwenye kazi ile. Na mwaka 2020 kampuni ya unga ule ilitangaza kuliacha jina na sura ya Aunt Jemima, miaka 48 baada ya kisanduku.

Tazama alichokifanya kwa mikono. Hakukipaka kisanamu rangi nyingine kiwe kizuri. Hakukivunja. Kicheko kakiacha vile vile. Alichofanya ni kukipa jirani. Bunduki kando ya fagio, basi, na kicheko kile kile kikageuka maana: zamani ulidhani anacheka kwa sababu ni mjinga, sasa hujui anacheka nini, na inakubidi usimame ufikiri.

Hili, mwanangu, ndilo ninalotaka ulichukue kwa Betye Saar, hata ukisahau yote mengine. Kitu kilichopita mikononi mwa mtu kinakuja na neno lake tayari. Kazi yako si kukipamba. Kazi yako ni kukipa jirani ambaye, wakikaa pamoja, neno lile litasikika. Nimeona vijana wengi Mtwara wanaokota gurudumu la baiskeli, wanalipulizia rangi ya dhahabu, wanalitundika. Gurudumu limenyamaza. Lingewekwa kando ya kikapu cha samaki na jozi ya kandambili zilizolika kisigino, ungemwona mchuuzi mzima anayepanda kilima na jua la saa sita.

Hili la kutumia picha za dhihaka halikupita bila ubishi, na ni vizuri ulijue. Mwaka 1997 Saar aliandika barua kwa watu wengi akipinga kazi za Kara Walker, msanii Mweusi kijana, aliyekuwa akikata vivuli vya karatasi nyeusi vinavyoonyesha ukatili wa enzi za utumwa. Saar aliona picha zile zinarudia tusi bila kuligeuza. Wengi walimtetea Walker. Mimi naona Saar alikosea kutaka kazi ya mwenzake izuiwe, lakini swali alilouliza ni la haki na nakuachia ulitumie kwa kazi zako mwenyewe: bunduki iko wapi? Kitu kinachoumiza umekipa jirani gani?

Nije kwenye pasi yako ya mkaa, maana hapo ndipo wewe na yeye mnapokutana hasa. Mwaka 1998 Saar alitengeneza kazi inayoitwa Nitapinda Lakini Sitavunjika. Ni meza ya zamani ya kupigia pasi. Juu ya ubao wake kuna ule mchoro wa meli ya watumwa ya Waingereza, Brookes, unaoonyesha watu wamelazwa safu kwa safu kama dagaa kwenye ungo. Pasi ya chuma imekaa juu, imefungwa mnyororo. Nyuma yake limeanikwa shuka jeupe, safi, kwa vibanio vya nguo, na ukisogea unaona limetariziwa herufi tatu, KKK, za Ku Klux Klan, kile chama cha Wazungu waliowaua Weusi huku wamejifunika mashuka. Mwanamke Mweusi ndiye aliyelipiga pasi shuka lile. Ukiitazama kazi hiyo unamwona, amesimama, ana jasho.

Wewe uko Mikindani, bandari ambayo katika karne ya 19 watu waliuzwa hapo kama walivyouzwa Kilwa Kivinje, wakiletwa kutoka bara, njia za Ziwa Nyasa. Sikuambii uweke minyororo. Minyororo ya watalii imeshawekwa ya kutosha. Nakuambia pasi ya bibi ina kazi yake iliyofanya: ilimnyooshea nani nguo? Zake, za mumewe, au za bwana mkubwa mmoja pale bomani? Muulize mama. Jibu litakalotoka ndilo litakalokuonyesha jirani wa pasi. Na mbuzi ya nazi vilevile. Igeuze, tazama kibao alipokuwa anakalia. Kama aliitumia miaka mingi, mbao imeng'aa na kubonyea kidogo, imeshika umbo lake. Hiyo ni picha ya bibi kuliko ile ya studio, kwa sababu studio alikaa dakika moja na pale alikaa maisha. Usiipige msasa, usiipake vanishi. Iache na weusi wake.

Kuhusu majirani wanaosema ushirikina. Saar hakukwepa mambo haya. Mwaka 1970, akiwa Chicago na msanii mwenzake David Hammons, waliingia kwenye makumbusho makubwa ya historia asilia, wakashuka kwenye vyumba vya vitu vya Afrika. Huko aliona vazi la chifu kutoka Kameruni lililofunikwa nywele za watu. Nywele za watu wengi kwenye nguo ya mmoja. Akaona nguvu inayotoka hapo. Baada ya safari ile kazi zake zilijaa hirizi, mifupa, manyoya, nywele, majani makavu. Na mwaka 1973 akatengeneza kazi kwa umbo la madhabahu, watu wakakaribishwa kuacha vitu vyao mbele yake. Unajua aliiitaje? Mti. Neno letu hili hili, la Kiswahili. Mwanamke wa California, ng'ambo ya bahari kabisa, alipotafuta jina la kitu chenye mizizi, alichukua neno unalolitamka wewe kila siku ukitafuta kivuli.

Na nywele zile za Chicago, sisi tunazo hapa. Wamakonde wa Newala na wenzao wa ng'ambo ya Ruvuma wanachonga mapiko kwa mti mwepesi, wanabandika nywele za binadamu kichwani mwa kinyago, chale za usoni wanazitengeneza kwa nta ya nyuki, mchezaji anavaa na nguo inayomfunika mwili mzima. Mbao, nywele, nta, kitambaa. Vitu mseto. Wanaokuambia umeiga Wazungu waulize lini mara ya mwisho walitazama lipiko kwa karibu.

Lakini sikiliza vizuri hapa, maana sitaki upate matatizo. Mapiko yana wenyewe, yana siri zake za jando, na wapo wazee ambao hawatafurahi kuona mwanamke anashika vitu hivyo. Chochote cha jando au unyago, usikitie kwenye fremu kabla hujakaa na nyakanga ukamuuliza nini kinasemeka na nini hakisemeki. Nywele, kucha, mifupa, usichukue vya mtu bila ruhusa yake. Hofu za watu wetu zina historia, na msanii anayeishi mtaani hana haki ya kuzichezea kwa ajili ya kuonekana shujaa. Vitu vya bibi yako, kanga, pasi, mbuzi, havina la kumtisha mtu. Waweke majirani barazani wavione mchana kweupe. Mwanamke wa makamo akiiona mbuzi ya nazi ataanza mwenyewe kusimulia ya kwao, na habari ya uchawi itaishia hapo.

Wa takataka sina la kuwajibu, waache.

Mama ndiye mgumu, na ana haki. Shangazi wa mama yake Saar, Hattie, alipofariki, vitu vyake vidogo vilibaki kwa Saar, na mwaka 1975 akatoa kazi iitwayo Kumbukumbu ya Hattie: kisanduku chenye vitu vya mezani kwa mwanamke, vidogo, vya karibu na mwili. Ukikitazama huoni mtu aliyevuliwa nguo. Unaona mtu aliyekunjiwa nguo zake vizuri. Tofauti iko kwenye kuchagua. Vitu vingine vya bibi ni vya kuonwa, vingine ni vya sandukuni, na mwenye kujua kipi ni kipi ni mama, kwa sababu ndiye aliyemwosha. Kwa hiyo usimwonyeshe kazi iliyokwisha. Mwite mwanzoni. Mimina vitu mkekani, mwambie, mama, nitenge vipi? Atakachokirudisha sandukuni, kikae sandukuni, hata kama ndicho kilichokuvutia kuliko vyote.

Ununue daftari pia. Kila kitu kiandikie: kilikuwa cha nani, kilinunuliwa wapi, nani alisimulia, siku gani. Saar alitunza madaftari yake miaka na miaka, na mwaka 2018 taasisi ya utafiti ya Getty ya Los Angeles ilichukua hifadhi yake ya nyaraka iwe ya wasomi wa kesho. Sisi huku vitu vyetu viko makumbusho ya Ulaya na kibao kimeandikwa "Makonde" tu, bila jina la aliyechonga. Usiifanyie hivyo kazi yako.

Sasa ufundi, maana pwani haina huruma.

Picha ya studio usiibandike kamwe. Ni moja. Ipeleke kwa mpiga picha, itolewe nakala nzuri, nakala ndiyo iingie kwenye fremu, yenyewe irudi kwenye bahasha ya karatasi, sehemu kavu.

Maganda ya korosho yatakutesa usipojihadhari. Miaka ya nyuma nilitengeneza na wanafunzi wangu ramani ya mkoa kwa maganda mabichi juu ya ubao mweupe. Baada ya wiki mbili mafuta yalivuja, ubao ukawa na madoa meusi, na msichana mmoja alichubuka vidole vyote vya mkono wa kulia. Kosa lilikuwa langu. Kina mama wanaobangua wanapaka majivu au mafuta mikononi kwa sababu hiyo, na mimi nilikuwa nawaona kila siku. Tafuta maganda yaliyokwisha kukaangwa na kukamuliwa mafuta, vaa glavu, yaanike siku nyingi, yatenge na kanga kwa kipande cha kioo au plastiki ngumu. Usiyachome ndani ya nyumba, moshi wake ni mkali.

Pasi ina chumvi ya hewa ndani ya kutu. Isugue kwa brashi kavu, ioshe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, ianike juani mpaka iwe ya moto, kisha ikiwa bado na moto ule ule pakaa nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa. Kutu iliyoingia ndani iache, ni umri wake. Fremu yenyewe igonge kwa kidole pande zote; panapolia kama boga tupu pana mchwa au dumuzi, paka dawa kabla hujaweka kitu kingine.

Kanga usizipake gundi. Gundi ya mbao inageuza kitambaa kuwa gome, na baada ya masika mawili inaota ukungu. Shona. Shona kwa uzi wa pamba kwenye kitambaa kingine kizito, kisha kitambaa hicho ndicho ukifunge kwenye mbao. Pwani hii ilikuwa na mitepe, majahazi yaliyoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, yakavuka bahari. Kilichoshonwa kinafumuliwa, mtu wa baadaye akitaka kurekebisha anaweza; kilichogandishwa kimekwisha. Halafu usiitundike kazi mahali panapopigwa na jua, rangi ya kanga haitamaliza mwaka.

Huenda unajiuliza kama ni lazima ufanane na Saar. Hapana. Mwaka 2023, akiwa na miaka 97, alitandaza ndani ya jumba moja la California mtumbwi wa mbao wa zamani wenye urefu wa zaidi ya mita tano, akaujaza viti vidogo na matundu ya ndege, chini akatandaza matawi aliyookota kwenye bustani za hapo hapo. Kila aliposimama aliokota cha hapo. Na wewe okota cha Mikindani.

Imebaki ile kanga iliyochakaa. Mimi nadhani naujua mwanzo na mwisho wa jina lake, na wanawake wengi wanaosoma hapa wameshalimalizia kichwani. Lakini usilijaze kwa uzi wala kwa rangi kwa kunisikiliza mimi. Mwekee mama kanga mapajani, mpitishie kidole pale palipofutika, asome yeye. Akikwama, nendeni wote wawili kwa shoga yake bibi aliye hai, maana kanga huvaliwa doti, na huenda pande la pili alipewa yeye. Mkilipata, niandikie lilisemaje, na uniambie mama alipolisoma alisema nini.